Mgeni Njoo, Lakini Una Cheti?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa Pwani neno hili si pambo la barza. Ndilo lililojenga mji. Jahazi lilipoonekana nje ya mlango wa bahari, watu waliteremka pwani kabla nanga haijatiwa, huyu kumtazama nduguye, yule kuuliza bei ya tende, na mwingine kumkaribisha asiyemjua. Mgeni alikuja na habari, na mali, na elimu. Aghalabu alikaa mpaka kaskazi igeuke kuwa kusi, na wengine hawakurudi tena kwao, wakawa ni wenyeji kama sisi.

Kati ya mwaka 2020 na 2023 ulimwengu uliligeuza neno hilo. Mgeni akawa ndiye anayehofiwa kumwuguza mwenyeji, na kabla ya kuambiwa karibu aliulizwa kwanza: cheti kiko wapi?

Cheti chenyewe twakijua. Ni ile karatasi ya kipimo cha korona, kipimo cha kutiwa kijiti cha pamba puani, ambacho wataalamu hukiita PCR. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba ile hali ya dharura imekwisha, na watu wakataka kusahau. Nami nasema tusiharakishe kusahau kabla ya kufanya hesabu. Maradhi hayana miadi. Julai 2024 ugonjwa wa mpox, ambao wengine huuita homa ya nyani, uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, pale mpakani Taveta, kwa msafiri. Mlango wa maradhi na mlango wa riziki ni mmoja, nao ni safari. Sasa ni nani alindwe mlangoni hapo, na ni nani alipe ujira wa bawabu?

MELI ZA ANASA NA VIJANA WETU

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa meli za kitalii. Februari 2020 meli iitwayo Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Mpaka kisa kile kilipokwisha, zaidi ya watu 700 kati yao walikuwa wameambukizwa. Watu waliolipa fedha nyingi wakauone ulimwengu wakawa wanautazama kupitia tundu la chumba. Kufika katikati ya Machi kampuni za meli hizo zilikuwa zimesimamisha safari, na bahari ikabakia na meli kubwa zilizotia nanga bila abiria.

Bahari ilipoanza kufunguka, ufunguo ulikuwa ni kipimo. Tarehe 16 Agosti 2020 meli ya MSC Grandiosa iling'oa nanga Genoa, Italia, nayo ilikuwa katika meli kubwa za kwanza kurudi kazini. Kila abiria alipimwa bandarini kabla ya kupanda ngazi, na mabaharia walitengwa na kupimwa zaidi ya mara moja kabla ya abiria wa kwanza kufika. Baada yake kampuni nyingine nazo zikaweka masharti yao: hii ikataka kipimo cha siku tatu, ile ikataka cha siku mbili, na nyingine ikataka cha nyumbani na cha bandarini pia.

Huenda msomaji wa Kisauni akauliza, haya ya matajiri yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Ndani ya meli hizo mna mpishi, na dobi, na mtandika vitanda, na mpeleka sahani mezani. Kabla ya janga, serikali ya Kenya na kampuni ya MSC zilikuwa zimeanza mpango wa kuwaajiri vijana wetu katika kazi hizo, na Chuo cha Bandari hapa Mombasa kilikuwa kimepewa sura mpya na jina jipya la Bandari Maritime Academy ili kiwafunze ubaharia. Kwa nyumba nyingi za Likoni na Changamwe lile lilikuwa tumaini kubwa, maana kazi za bandarini zimepungua tangu makasha na mitambo yachukue nafasi ya mabega ya makuli.

Meli ziliposimama, mikataba nayo ilisimama. Shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari lilikadiria kwamba mwishoni mwa mwaka 2020 mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama melini baada ya muda wao kwisha, na wengine idadi kama hiyo wakisubiri nchi kavu bila ya kazi. Tarehe 1 Disemba 2020 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka dola ziwatambue mabaharia kuwa ni wafanyakazi wa lazima. Neno zuri, lakini afisa wa mpakani haulizi azimio, huuliza cheti.

HESABU YA SAA

Tumchukue kijana wa Mtongwe aliyeitwa kwenda kuipanda meli Ulaya mwaka 2021. Alitakiwa awe na pasipoti, kitabu cha ubaharia, cheti cha daktari kwamba afaa kazi ya baharini, kadi ya homa ya manjano na viza. Vyote hivyo huchukua muda, lakini vikishapatikana hukaa. Cheti cha korona ndicho kilichokuwa kama samaki, hakilali. Kenya yenyewe ilipozifungua anga zake tarehe 1 Agosti 2020, ilimtaka mgeni alete kipimo kisichozidi saa 96. Nchi nyingi zilitaka saa 72. Dubai wakati mwingine ilishuka hadi 48, na juu yake ikadai kipimo kingine cha haraka uwanjani, saa chache kabla ya ndege kuruka.

Na saa hizo, aghalabu, huanza kuhesabiwa tangu kijiti kitoke puani, si tangu karatasi iingie mkononi. Kijana wetu avuke feri kwenda kisiwani kutoa sampuli. Sampuli nayo iwe na safari yake. Katika siku za mwanzo nyingi za Pwani zilipimwa katika maabara ya KEMRI kule Kilifi, nayo ilikuwa imeelemewa na kazi. Angojee jibu. Kisha apande ndege Uwanja wa Moi, pale Changamwe, aende Nairobi. Nairobi apande nyingine ya kwenda Ghuba. Ghuba apande ya tatu. Ndege moja ikichelewa, karatasi imekufa njiani, na gharama yake, ambayo ilikuwa ni maelfu ya shilingi, imekwenda na maji. Fedha zenyewe ni za kukopa, kwa maana mshahara wa kwanza haujaonekana.

Nao watu wa bara ya Mombasa walikuwa na mzigo mwingine juu ya huo. Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni ili wafike majumbani mwao walipigwa na kutupiwa moshi wa kutoa machozi, wakarundikana wenyewe kwa wenyewe katika siku ambayo walikuwa wameambiwa wasikaribiane. Kutoka tarehe 8 Aprili hadi 7 Julai mwaka huo hapakuwa na ruhusa ya kutoka wala kuingia Mombasa. Daraja la miguu la kuelea la Liwatoni, lililowekwa ili kupunguza msongamano wa feri, lilifunguliwa Januari 2021. Walioamrishwa kukaa mbalimbali walipewa pa kupita miezi tisa baada ya amri.

Madereva wa malori wanaolala Changamwe nao wana yao. Walipima Mombasa, wakapimwa tena Malaba, wakakaa kwenye foleni siku kadhaa wakingoja majibu. Mei 2020 Kenya na Tanzania zilipozozana juu ya vipimo, mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, ambao kwa watu wa Pwani ni kama ua kati ya nyumba mbili za jamaa, ulifungwa isipokuwa kwa mizigo. Shehena iliruhusiwa kuvuka kabla ya shangazi.

KARATASI YASEMA NINI HASA

Yafaa tufahamu cheti kile kilikuwa kikisema nini, kwani wengi walikichukua kama hirizi. Kilisema jambo moja tu: kwamba saa ile kijiti kilipotiwa, virusi havikuonekana. Hakikusema kwamba mtu ni mzima, wala kwamba hataugua kesho. Ugonjwa ule waweza kukaa mwilini siku 2 hata 14 kabla ya kujitokeza, na aliyeambukizwa jana aweza kupimwa leo asionekane na kitu. Ndiyo maana nchi zilizokuwa makini ziliongeza kipimo cha pili baada ya kufika, na siku za kujitenga. Cheti hupunguza hatari, hakiiondoi. Ni kama taa ya baiskeli usiku: ina faida kubwa, lakini haikuhakikishii kwamba hakuna shimo.

Palipo na karatasi yenye thamani hapakosi mwenye kuighushi. Kwa ajili hiyo, tangu Januari 2021 Kenya iliingia katika mpango wa Afrika uitwao Trusted Travel, ambao uliwezesha cheti kuhakikiwa kwa tarakilishi. Hata hivyo, Disemba 2021 Falme za Kiarabu ziliwazuia abiria kutoka Kenya, na magazeti yakaandika juu ya watu waliokuwa wakifika Dubai na vyeti safi kisha wakionekana na ugonjwa. Januari 2022 Kenya ikajibu kwa kuzizuia ndege za abiria kutoka huko. Mwisho wa mwezi huo mambo yalifunguliwa. Lakini mwezi mmoja kwa mtu ambaye viza yake inahesabu siku, na ambaye wakala wake anadai, si muda mfupi.

Katika dini yetu ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, na cheti ni ushahidi. Anayekiuza cha uongo hamsaidii maskini. Auza roho ya jirani wa safari, na aharibu sifa ya kila atokaye kwao. Aliyesema kweli alizuiliwa kwa sababu ya aliyesema uongo. Hilo halina mjadala. Pamoja na hilo, mwenye kuupima ugonjwa apimwe naye. Kipimo kikiwa ghali, na maabara ikiwa mbali, na saa zikiwa chache, mlango wa rushwa umeachwa wazi na aliyeweka sharti. Kizuie uongo, lakini usiufanye ukweli kuwa ni bidhaa ya wenye nazo.

SI NENO GENI KWETU

Wako waliosema kwamba kuwazuia wasafiri ni mambo ya Wazungu. Sisi tuliokaa kwenye mkeka wa chuo twajua sivyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafunza umma wake kwamba wakisikia tauni imeingia nchi fulani wasiiendee, na ikiwakuta katika nchi waliyomo wasiikimbie. Sayyidna Umar alipokuwa akielekea Shamu akapata habari ya tauni ya Amwas, alishauriana na masahaba kisha akageuza msafara. Abu Ubayda alipomwuliza kama anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari yake nyingine. Basi aliyetaka kipimo hakupungukiwa na imani.

Hata neno karantini limetokana na siku arobaini ambazo miji ya biashara ya Italia iliwangojesha wageni, baada ya mji wa Ragusa kuanza na siku thelathini mwaka 1377. Nasi tuna arubaini yetu ya mzazi, ambaye hukaa ndani na mwanawe, akipikiwa na kukandwa. Tofauti ni hii: aliye katika arubaini hulishwa na hubebwa na watu wake. Waliotiwa karantini hapa Kenya Machi na Aprili 2020 walidaiwa kodi ya chumba walichofungiwa, na baadhi yao wakazuiliwa hata baada ya siku zao 14 kwisha. Mji wa Kale ulipofungwa mwezi wa Mei, wengi waliogopa kupimwa. Watu wakasema Waswahili ni wajinga wa afya. Si ujinga, mtu akijua kwamba kusema kweli kutamtia gharama na fedheha, atanyamaza.

Mahujaji walikwisha kulionja jambo hili karne na nusu nyuma. Kipindupindu kilipozuka Makka mwaka 1865 na kufika Ulaya, dola zilikutana Istanbul mwaka uliofuata, na mwaka 1882 serikali ya Uthmaniya ikafungua kituo cha karantini katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Shamu, kwa mahujaji waliotoka upande wa Bahari ya Hindi. Walioteremshwa pale walilalamika juu ya joto, maji na ada walizotozwa. Hofu ilikuwa ya Ulaya, gharama ikawa ya hujaji.

Lakini bahari yetu ina kisa kingine chenye kufurahisha. Mgonjwa wa mwisho ulimwenguni kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa ni jirani yetu wa Banadiri, Ali Maow Maalin wa Merka, mwaka 1977. Ndui haikumalizwa kwa kuwazuia watu mpakani, bali kwa wachanjaji waliokwenda nyumba hata nyumba. Ilitangazwa mwaka 1980 kwamba imetoweka. Cheti cha chanjo ya ndui, ambacho zamani msafiri hakuthubutu kukisahau, leo hakuna anayekiuliza. Maradhi yakikatwa shinani, karatasi hufa yenyewe.

BARAKOA NA SAFARI YA HIJA

Lugha nayo ilipita mpakani. Barakoa kwa mama zetu wa Pwani na Unguja lilikuwa ni vazi la uso la mabibi wenye asili ya Oman. Ghafla likawa ni jina la kile kitambaa cha pua na mdomo, na kila mtu, mwanamume na mwanamke, Mwislamu na asiye Mwislamu, akatakiwa avae. Waliokuwa wakiwacheka wanawake waliofunika nyuso wakazuiliwa kuingia benki kwa sababu nyuso zao zi wazi! Lugha ina mizaha yake.

Hija ndiyo iliyotuuma zaidi. Mwaka 2020 hakuruhusiwa hujaji yeyote kutoka nje ya Saudia. Waliohiji walikuwa wachache mno, wakaazi wa nchi ile. Mwaka 2021 waliruhusiwa wapatao 60,000, nao wa ndani vile vile. Mwaka 2022 milango ilifunguliwa kwa watu milioni moja, lakini kwa sharti la chanjo, na kipimo cha saa 72 kabla ya kuondoka, na umri usiofika miaka 65. Hapo ndipo vilio vilipotoka. Wako wazee wa Likoni na Kisauni waliokuwa wamedunduiza shilingi kwa shilingi miaka ishirini, wakasubiri miaka miwili ya kufungwa, na ulipofunguliwa mlango wakakuta umri umewapita. Wengine walitangulia mbele ya haki kabla ya sharti hilo kuondolewa mwaka 2023.

Sharti lenyewe lilikuwa na sababu. Wazee ndio waliokuwa wakifa zaidi. Na hija haijakosa masharti ya afya kwa muda mrefu: chanjo ya homa ya uti wa mgongo imekuwa lazima tangu mlipuko wa mwaka 1987, wala hakuna anayeinung'unikia, kwani ni moja kwa wote, yajulikana mapema, na haimbagui mtu kwa nchi yake.

Sivyo ilivyokuwa kwa korona. Tarehe 9 Aprili 2021 Uingereza iliitia Kenya katika orodha nyekundu. Mwenye haki ya kuingia huko alilazimika kukaa hotelini siku kumi kwa gharama ya pauni 1,750 kwa mtu mmoja mzima. Baadaye ikaonekana ajabu kubwa zaidi: mtu aliyechanjwa Kenya kwa AstraZeneca hakuhesabiwa kuwa amechanjwa, ilhali Uingereza yenyewe ndiyo iliyokuwa imeipa Kenya sehemu ya chanjo hiyo. Dawa ni ile ile. Iliyokataliwa ni mikono iliyoitia sindano. Kenya ilitolewa orodhani Septemba mwaka huo, na chanjo yake ikatambuliwa baadaye. Lakini msafiri alikwisha kusoma ujumbe: kilichopimwa hakikuwa pua tu, bali na pasipoti.

TUFANYEJE SIKU ITAKAYORUDI

Sisemi vipimo viondolewe. Mji wa bandari usiochunga mlango wake ni mji unaojiua. Nasema sharti la haki lina alama tatu. Liwe moja kwa kila mtu, wa daraja la juu melini na wa chini jikoni. Lilipiwe na mwenye faida: kampuni inayomtaka baharia awe na cheti imlipie kipimo, wala isimkate mshaharani, na wakala wa Ghuba vivyo hivyo. Na liwekwe mahali linapofikika. Wakati wa amani ndio wa kujenga maabara ya serikali yenye uwezo upande wa Likoni, na Kisauni, na Changamwe penye uwanja wa ndege, ili mtu apimwe kwao na jibu lake alipate kwao.

La nne ni letu wenyewe. Maimamu, walimu wa chuo na wazee wa mitaa waliosimama mwaka 2020 wakaeleza hadithi ya tauni walifanya kazi ambayo tangazo la redio halikuiweza. Watu hao waitwe mezani mapema, si kuletewa amri ikishaandikwa. Na sisi tusikubali kamwe karatasi ya uongo ipite mikononi mwetu, hata ikiwa ni ya kumwokoa mwana wa ndugu na kazi yake isimpotee. Mwana huyo atakaa chumba kimoja na mwana wa mtu mwingine.

Mgeni njoo, mwenyeji apone ni neno la watu wenye imani na wageni wao. Imani hiyo yajengwa na pande mbili: mgeni aseme kweli, na mwenyeji asimfilisi kwa kuisema.